Jina Moja, Misimbo Minne: Uhakiki wa Utambulisho wa Kiswahili cha Kongo katika Orodha za Kimataifa za Lugha

Ikisiri

Makala hii inahakiki misimbo inayotumika kukitambulisha Kiswahili katika orodha za kimataifa za lugha, hususan swa, swh, swc na sw-CD. Inajadili jinsi jina moja, Kiswahili, lilivyogawanywa kati ya lugha mwavuli na lugha mbili zilizo chini yake, na jinsi mgawanyo huo unavyoingiliana na msimbo wa nchi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba msimbo wa Kongo unabeba madai mawili yanayopingana: kwamba Kiswahili cha Kongo ni lugha ya pekee, na kwamba ni Kiswahili kilekile kinachosemwa katika nchi nyingine. Utata huo unaathiri uhifadhi wa matini, utengenezaji wa zana za lugha na utekelezaji wa sera katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makala inatetea kubakizwa kwa swc, lakini kwa matumizi finyu kuliko yaliyopo.

1.0 Utangulizi

Mkusanyiko wa matini za Kiswahili unapowekwa katika hifadhi ya kidijitali hutakiwa kubeba msimbo wa lugha. Mara nyingi msimbo huo ni swa. Mtafiti anayeukuta anaweza kuusoma kwa namna tatu, na kila namna ina mashiko yake.

Anaweza kuusoma kama ulivyokusudiwa na wakutubi mwaka 1998, ISO 639-2 ilipotolewa: Kiswahili, bila mgawanyo wowote. Anaweza pia kuusoma kwa mujibu wa ISO 639-3 ya mwaka 2007, ambamo swa ni lugha mwavuli. Kwa maana hiyo matini husika ni ya mojawapo ya lugha mbili zilizo chini ya mwavuli huo, na aliyeiweka hakutaja ni ipi. Namna ya tatu ndiyo inayoelekea kuwa ya kweli zaidi katika matumizi ya kila siku: aliyeweka matini alikuwa na Kiswahili sanifu mkononi, programu ikamdai herufi tatu badala ya mbili, naye akaandika swa kwa kuwa ndiyo inayofanana na sw aliyoizoea.

Msimbo ulibuniwa ili kuondoa utata wa majina. Hapa unauzalisha. Hatari ya msomaji mwenye haraka kuichukua sw kuwa Kiswidi, ambacho msimbo wake ni sv, au Kiswati, ambacho msimbo wake ni ss, ni ndogo na hurekebishika kwa kutazama mstari mmoja wa matini. Utata wa swa haurekebishiki kwa kutazama mstari mmoja, kwa sababu mstari huo unaweza kuwa Kiswahili kwa vigezo vya kila mtu na bado usijulikane uwekwe chini ya jina gani.

2.0 Jina lenye mabano

Katika orodha ya ISO 639-3, inayosimamiwa na SIL International, jina Kiswahili linaonekana mara tatu. Swa imeandikwa kuwa ni Kiswahili, kisha katika mabano ikaelezwa kuwa ni lugha mwavuli. Swh nayo ni Kiswahili, na mabano yake yanasema ni lugha moja moja. Swc ni Kiswahili cha Kongo. Herufi ya mwisho ya swc inaelekea kuashiria Kongo. Ile ya swh haimwambii msomaji lolote zaidi ya kwamba ni herufi mojawapo ya jina lenyewe.

Mpangilio huu unastahili kusomwa kama matini nyingine yoyote inavyosomwa. Kati ya lugha mbili zilizo chini ya mwavuli, moja imetajwa kwa nchi yake na nyingine haikutajwa kwa mahali popote. Swh si Kiswahili cha Tanzania, wala cha Pwani, wala cha Unguja; ni Kiswahili tu, na mabano yamewekwa ili kukitenga na mwavuli wake. Kwa maneno mengine, orodha inakichukulia Kiswahili kimoja kuwa ndicho cha kawaida kisichohitaji maelezo, na kingine kuwa cha kuelezwa. Wanaisimu wa kanda hii wanaufahamu utaratibu huo kutoka kwingine. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukiteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, Kiunguja polepole kiliacha kuitwa Kiunguja na kuitwa Kiswahili. Kimvita na Kiamu vilibaki na majina yake. Kinachoteuliwa hupoteza jina la mahali pake, na kisichoteuliwa hulibeba.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hilo. Shirika la Translators without Borders, katika makusanyo yake ya data kwa ajili ya tafsiri za dharura, liliitenga swh na swc kwa kuiita ya kwanza Kiswahili cha Pwani na ya pili Kiswahili cha Kongo. Jitihada hiyo inaeleweka, lakini jina halikukaa vizuri. Lugha inayokusudiwa ni ile inayoandikwa pia Dodoma, Mwanza na Kisumu, na wanaoiandika huko si watu wa pwani. Kinyume chake, Kiswahili cha Pwani hasa, yaani Kiamu, Kimvita, Kipemba, Kibajuni na Chimwiini cha Barawa, kimefichwa ndani ya swh bila msimbo wake hata mmoja. Kwa hiyo jina hilo linawataja wale ambao msimbo umewasahau.

Ulinganisho na orodha ya Malcolm Guthrie unaonyesha kwamba mambo yangeweza kupangwa vingine. Katika mfumo wake wa kanda za Kibantu, Kiswahili kipo katika kundi la G40: Kitikuu ni G41, Kiswahili ni G42, na ndani yake Kiamu, Kimvita na Kiunguja vina herufi zake ndogo. Kipemba kipo chini ya G43, nje ya G42. Jouni Maho, alipoisasisha orodha hiyo, aliongeza herufi kubwa kwa aina zilizozaliwa mbali na pwani au mijini. Hata Sheng ina msimbo wake, G40E. Orodha ya Guthrie haikukusudiwa kutenga lugha na lahaja; yeye mwenyewe aliitumia kama ramani ya kurejelea. Hata hivyo, ramani hiyo inawaona Wapemba na wasemaji wa Lubumbashi kwa pamoja, ilhali ISO 639-3 inawaona wa Lubumbashi tu, tena kwa kuwatazama kupitia jina la nchi.

Si kwamba ISO 639-3 ilikuwa na ubahili wa misimbo. Kimwani cha Msumbiji kina wmw, Kimakwe kina ymk, na lugha za Komoro zina misimbo minne: zdj ya Ngazija, wni ya Nzwani, wlc ya Mwali na swb ya Maore. Hiyo ya mwisho inaanza na herufi mbili za Kiswahili ingawa jina lake halina Kiswahili ndani yake.

3.0 Lugha au nchi?

Kama tatizo lingeishia hapo, lingekuwa la wataalamu wa uainishaji peke yao. Lakini msimbo wa lugha hautumiki peke yake. Katika intaneti na katika programu za kompyuta na simu, kitambulisho cha lugha huundwa kwa kuunganisha vipande: lugha kwanza, kisha maandishi, kisha nchi, kisha lahaja pale inapohitajika. Kanuni zake zimo katika waraka wa RFC 5646. Kwa utaratibu huo Kiswahili kinachotumika Kongo kinaweza kuandikwa sw-CD, ambapo CD ni msimbo wa nchi uliochukua nafasi ya ZR baada ya Zaire kubadili jina mwaka 1997.

Sw-CD na swc havisemi jambo moja. Sw-CD inasema: hiki ni Kiswahili, na kinatumika Kongo; kama vile sw-KE ni Kiswahili kinachotumika Kenya. Swc inasema: hii ni lugha nyingine, inayoitwa Kiswahili cha Kongo. Dai la kwanza ni la kijiografia na la pili ni la kiisimu. Mtu anaweza kuyakubali yote mawili, kuyakataa yote mawili, au kukubali moja na kukataa jingine. Asichoweza kufanya, ikiwa anajali maana, ni kulifanya moja kuwa badala ya jingine.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa. CLDR, hifadhi ya Unicode ambamo simu na kompyuta nyingi huchota majina ya siku, miezi na sarafu, ilikuwa na data chini ya swc. Humo miezi iliandikwa mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, mwezi ya ine, mwezi ya tanu, mwezi ya munane, hadi mwezi ya kumi na moya. Msomaji yeyote wa Afrika Mashariki anaelewa maneno hayo, na yeyote anasikia kwamba si Kiunguja: upatanisho wa ngeli umelegea, moja imekuwa moya, kwanza imekuwa kwanja, na nane imevaa mu-. Baadaye swc iliwekwa katika orodha ya misimbo ya zamani, na kitambulisho kinachopendekezwa badala yake kikawa sw-CD. Katika mfumo huo, kitambulisho chenye nchi hurithi kutoka kwa lugha mama kila jambo ambalo hakikulitaja waziwazi. Sw-CD hurithi kutoka sw. Kwa hiyo kila pengo katika data ya Kongo hujazwa na Kiswahili sanifu bila mtu kuamua kwamba lijazwe hivyo. Lugha iliyotambuliwa kuwa ya pekee imegeuzwa kuwa lafudhi ya nchi kwa mstari mmoja wa data.

Isitoshe, hifadhi hiyohiyo kwa muda mrefu imekigawa Kiswahili katika nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Rwanda, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, haimo. Wala Burundi, ambako Kiswahili kimesemwa Bujumbura na Rumonge kwa zaidi ya karne moja. Mjumbe wa sera kutoka Kigali anayetafuta nchi yake katika menyu ya simu ataona kwamba amekwisha kuwekwa Tanzania au Kenya.

Kuna umbo jingine ambalo limetajwa kidogo sana katika mijadala ya kanda hii. RFC 5646 inaruhusu kipande cha lugha-nyongeza kwa baadhi ya lugha mwavuli, na Kiswahili ni mojawapo. Kwa mujibu wa ruhusa hiyo mtu anaweza kuandika sw-swc: Kiswahili, na ndani yake Kiswahili cha Kongo. Umbo hili ndilo pekee linalotaja udugu na tofauti kwa wakati mmoja. Ndilo pia ambalo kanuni hizohizo zinashauri lisitumike, na badala yake iandikwe swc peke yake. Ushauri huo una sababu nzuri za kiufundi, kwa kuwa mashine hupenda umbo fupi lisilo na njia mbili. Kwa upande wa maana, ni hasara.

4.0 Matini isiyopata pa kukaa

Ili kuona uzito wa jambo hili, inafaa kuchukua matini moja inayojulikana. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo yaliitwa kwa Kifaransa Vocabulaire, yaani msamiati, ingawa si msamiati bali historia ya mji kama walivyoiona waliopika na kufua katika nyumba za Wabelgiji. Johannes Fabian aliyachapisha upya mwaka 1990, pamoja na tafsiri na ufafanuzi, kwa msaada wa Kalundi Mango, naye Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu.

Lugha ya Yav ni Kiswahili cha Katanga. Tahajia yake haikufuata kanuni ya Kamati ya Lugha wala kanuni nyingine ya shule. Mipaka ya maneno huhama, na sentensi mara nyingi hueleweka kwa kusomwa kwa sauti. Fabian alilazimika kuisikiliza ikisomwa na msemaji wa Lubumbashi ndipo aifasiri. Matini hii ipewe msimbo gani?

Swa itaificha. Atakayetafuta Kiswahili cha Kongo hataipata, na atakayekusanya Kiswahili sanifu kwa ajili ya kufundishia mashine ataichukua kisha ataitupa, kwa kuwa kikagua tahajia kitaonyesha makosa katika karibu kila mstari. Swh itakuwa uongo. Sw-CD itakuwa kweli kwa upande wa nchi tu, na itaiweka katika kapu moja na waraka wa parokia uliotungwa kwa Kiswahili cha vitabuni. Swc inafaa zaidi, lakini hata hiyo inaisogeza karibu na matini za Kisangani na Bukavu ambazo Yav asingezitambua kuwa ni za kwao. Tafiti za Nico Nassenstein kuhusu Kiswahili cha Kisangani na cha Kivu, na za Didier Goyvaerts kuhusu Bukavu, zinaonyesha kwamba miji hiyo ina sarufi zinazotofautiana vya kutosha kustahili maelezo mbalimbali.

Hapa ndipo jina la Kongo linapoonekana kuwa jipana kupita kiasi. Wasemaji wenyewe hawaligawi hivyo. Huko Lubumbashi husema Kiswahili, na wanapotaka kutenga lugha ya shule, kanisa na redio kutoka lugha ya mtaa, huitaja ya kwanza kuwa ni Kiswahili bora. Neno bora limebeba hukumu ya kijamii ambayo haimo katika msimbo wowote. Kuna pia jina la zamani, Kingwana, lililotokana na waungwana wa njia za biashara na lililotumiwa na wamisionari, akiwemo John Whitehead aliyechapisha mwongozo wake mwaka 1928. Leo jina hilo lina harufu ya ukoloni kwa wengi, na ni wachache wanaolitumia kujitaja.

Tuchukulie sentensi mbili za kawaida, zote zimeandikwa Bukavu siku moja. Ya kwanza: Watoto wanakwenda shuleni. Ya pili: Batoto banaenda ku masomo. Mwandishi anaweza kuwa mtu mmoja, akiandika ya kwanza katika barua kwa mkuu wa shule na ya pili katika ujumbe kwa dada yake. Msimbo wa nchi utaziita zote sw-CD. Msimbo wa lugha, ukitumiwa na asiyejua mengi, utaziita zote swc kwa kuwa zimetoka Kongo. Uamuzi sahihi ni kuziita swh na swc, na kuongeza CD kwa zote mbili ikiwa mahali pana umuhimu. Swh-CD ni umbo halali. Mtu akilitumia, amesema jambo ambalo orodha nzima haikulitarajia: kwamba Kiswahili sanifu nacho kina wenyewe ndani ya Kongo.

5.0 Nani analipa?

Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katiba yake ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba kuwa lugha za taifa. Katiba inasema Kiswahili. Haisemi Kiswahili cha Kongo. Kwa macho ya sheria ya nchi, raia wa Goma na raia wa Kolwezi wanasema lugha yenye jina lilelile la ile inayosimamiwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Kwa macho ya ISO 639-3, wanasema lugha nyingine. Mshauri wa sera anayesoma hati zote mbili lazima aamue ipi aifuate, na uamuzi wake utahusu vitabu, mitihani na wakalimani.

Mwaka huohuo wa 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa tafsiri wa lugha 200, pamoja na mkusanyiko wa kupimia tafsiri unaoitwa FLORES-200. Kiswahili kimo humo kwa msimbo swh. Kwa hiyo mtafiti anayeripoti kwamba mfumo fulani unatafsiri Kiswahili vizuri kwa kigezo hicho ameripoti kuhusu swh, na hajaripoti chochote kuhusu swc. Ripoti nyingi huandika Kiswahili tu katika kichwa cha habari, na msimbo hubaki katika jedwali. Msomaji wa Bukavu au wa Wizara huko Kinshasa hupokea kichwa cha habari. Ukinzani huu si wa lazima: mkusanyiko wa TICO-19, uliotengenezwa mwaka 2020 kwa ajili ya tafsiri za taarifa za UVIKO-19, uliweka Kiswahili na Kiswahili cha Kongo kila kimoja mahali pake. Waliokuwa wakishughulikia ugonjwa waliona haraka kwamba maelezo ya dalili yanayoeleweka Tanga yanaweza kusikika kama hotuba huko Uvira.

Mfano wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, unaonyesha jinsi msimbo wa nchi unavyoshindwa kabisa. Kambi hiyo imepokea wakimbizi kutoka Kongo tangu 1996. Watoto waliozaliwa humo wamekulia Tanzania, na wengi wao wana wazazi wanaosema Kiswahili cha Kivu Kusini. Tangazo la chanjo linaloandikwa kwa ajili yao ni sw-TZ kwa mahali na swc kwa lugha, au pengine ni swh-TZ kwa kuwa shule ya kambi imewafundisha hivyo. Mkalimani anayeitwa baadaye kwa simu, wakati familia imekwisha kuhamishiwa Marekani au Kanada, huorodheshwa chini ya Kiswahili bila zaidi. Akiwa mtu wa Mombasa, atasikia sawa na kudhani mgonjwa anakubali, kumbe katika Kiswahili cha Kongo neno hilo hutumika pia kwa maana ya kama, mfano wa. Atasikia fasi na kutafuta nafasi ya kazi, kumbe mgonjwa anataja mahali panapouma. Makosa ya aina hii hayatokani na ujinga wa mkalimani. Yametokana na fomu iliyokuwa na kisanduku kimoja.

6.0 Pingamizi na njia iliyo wazi

Pingamizi kubwa dhidi ya swc linatoka kwa wanazuoni wanaoamini kwamba kuitambua ni kukubali kukigawa Kiswahili, tena kwa mpaka uliochorwa Berlin. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Ziwa Tanganyika lina Kigoma upande mmoja na Kalemie upande wa pili, na wafanyabiashara wanaovuka hawabadili lugha katikati ya maji. Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliogawanywa na kizuizi cha forodha. Msimbo unaokoma mpakani hauwezi kuwa msimbo wa lugha.

Lakini dawa inayopendekezwa, yaani kuifuta swc na kubaki na sw, haitibu maradhi hayo. Imekwisha kujaribiwa katika CLDR, na matokeo yake ni urithi wa kimyakimya uliojadiliwa hapo juu. Umoja unaopatikana kwa kufuta msimbo ni umoja ambao upande mmoja unatoa sarufi yote na upande mwingine unatoa idadi ya wasemaji. Hesabu za wasemaji wa Kiswahili zinazotajwa katika hotuba za tarehe 7 Julai huwajumuisha Wakongo kwa mamilioni. Kamusi, vikagua tahajia na mitihani inayofuata hotuba hizo huwaacha nje. Anayetaka kuwahesabu awape pia mahali pa kuandikwa.

Kwa sababu hiyo swc ibaki, ila isomwe kwa ufinyu: iwe ni jina la lugha za mazungumzo za mashariki na kusini mwa Kongo, popote zinaposemwa, iwe Kampala, Bujumbura au Nyarugusu, na isiwe jina la kila kilichoandikwa ndani ya mipaka ya Kongo. Kiswahili sanifu kilichoandikwa Kongo kiitwe swh-CD. Swa na sw zibakie kwa matini ambazo aliyeziweka kweli hakuweza kuamua, au zenye mchanganyiko, na hilo litajwe katika maelezo badala ya kuachiwa msomaji alibuni. Wahariri wa hifadhi za vyuo vikuu vya kanda wanaweza kuanza na hili bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Hatua ya pili inahitaji taasisi. Kanuni za RFC 5646 zinaruhusu kipande cha lahaja chenye herufi tano hadi nane kusajiliwa katika daftari la IANA, bila kubadili ISO 639 hata kidogo. Anayeomba hujaza fomu fupi, hutaja lugha ambayo kipande hicho kinaambatana nayo, huonyesha marejeo ya kuthibitisha kwamba lahaja ipo na imeelezwa, kisha ombi hujadiliwa hadharani. Kiingereza cha Liverpool kimesajiliwa kwa njia hiyo, kwa kipande scouse. Lahaja za Kislovenia za bonde la Resia huko Italia, zenye wasemaji wachache kuliko kata moja ya Lubumbashi, zimesajiliwa pia, tena kijiji kwa kijiji. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Lubumbashi, Kisangani na Bukavu, inaweza kuwasilisha maombi ya Kiswahili cha miji hiyo mitatu, na baadaye ya Kipemba, Kiamu na Chimwiini ambazo swh imezifunika. Marejeo yanayodaiwa na fomu kwa upande wa Lubumbashi yapo tangu Edgar Polomé alipokieleza Kiswahili cha mji huo mwaka 1968.